Wasukuma baiskeli wa Maniema na Ruzizi: kabla ya lami, wapewe maji na kivuli

Katika masoko ya Kindu, bei ya bidoni ya mafuta ya mawese inazungumziwa kila asubuhi. Mama muuzaji anaeleza kwa nini imepanda, mnunuzi anaapa kwamba wiki iliyopita ilikuwa chini. Mtu asiyezungumziwa ni yule aliyeileta. Huyo alitembea siku kadhaa toka kijijini, mikono miwili juu ya baiskeli ambayo hakuipanda hata mara moja, kwa sababu mahali pa kukalia palijaa mzigo toka mwanzo wa safari.

Kazi hiyo inajulikana toka Kasongo hadi Kabambare, toka Lubutu hadi Ubundu, na vilevile kwenye bonde la Ruzizi, ambako mihogo, ndizi na makala vinashuka toka vilima vya Lemera kwenda masoko ya Bwegera, Luvungi na Sange. Magari hayafiki kwenye vijiji vingi vya huko, au yanafika mara moja moja. Njia ni ya miguu: mchanga, mawe, mizizi, vijito, na daraja la magogo mawili. Kiangazi kinapoingia, matope yanakauka na safari zinakuwa nyepesi kwa miguu. Lakini ndipo pia jua linaanza kupiga vichwa vya watu.

Kuna watu duniani wanaolipa pesa nyingi ili wapitishe baiskeli katika njia za namna hiyo. Kwao ni mchezo, na mashindano ya mchezo huo yana daktari, yana maji njiani, yana sheria za siku za joto kali. Huku ni kazi ya kulisha jamaa, na sheria pekee inayojulikana vizuri ni ile ya kulipa kwenye bariera. Jua ni lile lile. Kilichokosekana huku ni mtu wa kukaa na kujiuliza mwenye baiskeli anahitaji nini.

Mchezo uliozaliwa kwenye vumbi

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana wa eneo la Marin walikuwa wakichukua baiskeli nzee za matairi manene, wanazipandisha kwenye vilima vya karibu na mlima Tamalpais, kisha wanashindana kushuka kwa njia ya vumbi. Mashindano yao yaliyoanza mwaka 1976 yaliitwa Repack, neno lenye maana ya kujaza upya, kwa sababu breki ya gurudumu la nyuma ilipata moto hadi grisi yake ikaungua, na baada ya mshuko ilipaswa kujazwa nyingine. Miongoni mwa majina yaliyotoka katika kipindi hicho ni Gary Fisher, Joe Breeze na Tom Ritchey, mafundi waliotengeneza baiskeli zilizojengwa hasa kwa njia za mawe. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, ukaendeshwa mwezi wa saba katika joto la jimbo la Georgia.

Leo shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, lina utaratibu wa siku za joto kali. Kipimo chake hakiangalii joto la hewa tu, bali pia unyevu, ukali wa jua na upepo. Kikipanda, wakubwa wa mashindano wanaweza kubadilisha saa ya kuanza, kuongeza maji njiani au kufuta mbio. Mwanamichezo analindwa hivyo, ingawa mbio zake za Olimpiki zinachukua karibu saa moja na nusu na hana gunia hata moja.

Ritchey anahusika na sehemu hii ya Afrika kwa jambo jingine. Mwaka 2005 alifika Rwanda, akaona wakulima wakibeba mizigo kwa baiskeli za kale na kwa vyombo vya mbao, ndugu wa chukudu ya Goma. Hakufikiria kuwaletea baiskeli ya mchezo. Alichora baiskeli ndefu, yenye sehemu ya nyuma ya kubebea magunia, ili kahawa ifike kwenye kituo cha kuoshea kabla haijaharibika. Mwaka 2006 yalifanyika huko mashindano ambayo ndani yake wenye vyombo vya mbao pia walishindana. Baadaye ilitoka timu, na mmoja wa vijana wake, Adrien Niyonshuti, akaendesha baiskeli ya milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012.

Msomaji wa Goma au wa Uvira anaweza kukunja uso akisikia mfano wa Rwanda, na mbele ya vita hasira hiyo inaeleweka. Lakini mfano huu hausifu serikali yoyote. Unaonyesha tu kwamba chombo cha mkulima kinaweza kufikiriwa kwa makini sawa na chombo cha bingwa. Kongo yenyewe haikosi ubunifu: chukudu ilitengenezwa na watu wa Kivu, kwa mbao na vipande vya mpira, inabeba mamia ya kilo, na Goma imeisimamishia sanamu ndani ya mji. Sanamu ni heshima, na ni vizuri ikabaki pale. Lakini anayesukuma mzigo hanywi sanamu.

Mwili unapochemka

Mtu anaposukuma mzigo, karibu robo tu ya nguvu ya misuli yake ndiyo inayofanya kazi ya kusogeza baiskeli. Inayobaki inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Joto hilo linatoka hasa kwa jasho, na jasho linapoza ngozi pale tu linapokauka kwa hewa. Mwendesha baiskeli wa mchezo anajitengenezea upepo kwa mwendo wake. Msukumaji anakwenda polepole kuliko mtu anayetembea mikono mitupu, tena yuko nyuma ya mzigo unaomzuilia hata upepo mdogo. Katika msitu wa Ubundu hewa ina unyevu mwingi, na jasho linadondoka chini bila kumpoza. Katika bonde la Ruzizi miti ni michache, na jua linapiga moja kwa moja.

Wakaaji wa Goma na Bukavu mara nyingi hawapati picha ya joto hilo. Ziwa Kivu liko kwenye mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika, ambako Uvira imekaa, liko kwenye mita karibu 770. Anayetoka Bukavu na kushuka milima ya Ngomo hadi Kamanyola anavua koti njiani. Kwa miaka mingi, maamuzi kuhusu bonde yamechukuliwa na watu wenye kukaa kwenye baridi.

Katika kazi nzito juani, mtu anaweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa, na hata zaidi. Dalili za kwanza kila msukumaji anazijua: kichwa kuuma, misuli ya miguu kukazana, kizunguzungu, kichefuchefu, mkojo kuwa mweusi kama chai. Hapo kivuli, mapumziko na maji yenye chumvi kidogo mara nyingi vinatosha. Hatua inayofuata ni nyingine kabisa. Joto la mwili likipita nyuzi 40, ubongo unapotea njia: mtu anasema maneno yasiyoeleweka, anayumba kama mlevi, anaanguka. Huyo yuko karibu na kifo, na mwenye kuweza kumwokoa ni yule aliye pembeni yake dakika hiyo. Amvute kivulini, amvue nguo nzito, ammwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuchoka, asimnyweshe kitu kama hana fahamu, na wengine watafute njia ya kumfikisha kwenye kituo cha afya.

Njiani mambo yanaweza kwenda vingine. Mwili una moto, basi watasema ni malaria. Ameanguka ghafula, basi watasema ni karuho, amelishwa sumu na mwenye kumwonea wivu. Jua halishitakiwi. Kifo kisichopewa sababu yake ya kweli hakiingii kwenye daftari la zone ya afya, na kisichoingia kwenye daftari hakiingii kwenye mipango ya mkoa.

Halafu kuna maji yenyewe. Kando ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira hadi Fizi na Kalemie, kipindupindu si mgeni. Wakati wa kiangazi vijito vinapungua, na watu, ng'ombe na wapita njia wanakutana kwenye dimbwi moja. Msukumaji mwenye kiu anapaswa kuchagua kati ya jua na kuhara. Atakunywa, kwa sababu kiu inauma leo na ugonjwa ni wa kesho.

Madhara mengine yanakuja polepole. Katika mashamba ya miwa ya El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wakataji, wengi wao wakiwa bado vijana, walipatwa na ugonjwa wa figo. Watafiti wanauunganisha na kazi nzito juani na mwili kukosa maji siku baada ya siku. Dawa iliyojaribiwa huko mashambani haikuwa mashine kubwa. Ilikuwa maji, mapumziko na kivuli, kwa ratiba inayoheshimiwa. Anayesukuma baiskeli miaka kumi katika Maniema anafanya kazi inayofanana na ya wakataji hao, lakini yeye hana ratiba wala mwajiri wa kuulizwa.

Kwa nini saa sita ya mchana?

Swali la kwanza la mtu asiyejua njia hizi ni jepesi: kwa nini wasitembee alfajiri na jioni, wakapumzika masaa ya jua kali? Jibu ni usalama. Mwenye mzigo wa mafuta au wa mchele haondoki gizani mahali ambapo watu wenye silaha wanavizia njia. Anangoja jua litoke ili aone aliye mbele yake, na kabla halijazama anatafuta kijiji cha kulala. Masaa ya baridi yamechukuliwa na woga. Yanayobaki ni ya joto.

Bariera nayo inaongeza. Uchunguzi wa shirika la IPIS la Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2017, ulihesabu bariera 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini, nyingine za watu wa serikali, nyingine za makundi yenye silaha. Mwenye kuiweka anachagua mahali ambapo ni vigumu kuzunguka: kwenye daraja, kwenye mlima, kwenye mlango wa soko. Mwenye gari anangoja ndani ya gari. Msukumaji anasimama juani, ameshikilia baiskeli ambayo akiilaza hataweza kuiinua peke yake, huku akibishana kuhusu faranga chache. Akiisha kulipa, faida imepungua. Ili aifidie, safari ijayo ataongeza bidoni moja au atapunguza mapumziko. Uzito unapanda, na joto la mwili linaufuata. Hivyo pesa inayochukuliwa bila karatasi inakuwa pia jambo la afya.

Ndiyo sababu haitoshi kuwaambia watu hawa wajihadhari na jua. Wanajihadhari tayari kadiri wanavyoweza. Anayejua kwamba kivuli kiko mbele kilomita mbili, lakini pia kwamba kwenye kivuli hicho kuna watu wenye bunduki, hana shauri la kupewa na daktari peke yake.

Yanayosemwa dhidi ya wazo hili

Wapo wanaosema kwamba kuzungumzia njia za baiskeli ni kurudi nyuma. Kongo inahitaji barabara na reli. Wanakumbusha kwamba reli ya Kisangani hadi Ubundu, ya kilomita 125 hivi, ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita ili kuyakwepa maporomoko saba ya Boyoma, ambayo meli haziwezi kuyapita. Kama wazee wa wakati huo walibeba reli hadi pale, kwa nini leo mtu ajadili chupa ya maji ya msukumaji?

Nusu ya hoja hiyo ni kweli. Barabara na reli ni haki, na asiwepo wa kuacha kuzidai. Lakini aliyedai lami kwa miaka 20 ametembea kwa miaka 20. Kijiji kinachoweza kulinda chemchemi yake kiangazi hiki hakina sababu ya kungoja tingatinga la mwaka usiojulikana. Na njia ya miguu iliyotunzwa haizuii barabara. Mara nyingi ndiyo inayoonyesha wapi watu na mali vinapita kweli, na kwa hiyo wapi barabara ingefaa kuanza.

Wengine wanasema pikipiki itaimaliza kazi hii yenyewe. Kwenye njia kubwa imekwisha kuimaliza kwa sehemu. Lakini pikipiki inakunywa petroli, na petroli inapanda bei kadiri inavyokwenda mbali na mji. Baiskeli inakula kile anachokula mwenyewe. Kule ambako mali ni ya bei ndogo na njia ni mbaya, hesabu ingali upande wa baiskeli, na itabaki hivyo kwa muda.

Wengine tena wanasema: wamezoea. Ni kweli kwamba mwili unazoea joto. Wiki moja au mbili za kazi juani zinaufundisha kutoa jasho mapema na kutunza chumvi yake. Lakini aliyezoea anatoa jasho jingi zaidi, kwa hiyo anahitaji maji mengi zaidi kuliko mgeni, si machache. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Neno "wamezoea" linatoka kwa urahisi katika mdomo wa yule asiyesukuma.

Mambo yanayoweza kuanza kiangazi hiki

La kwanza ni maji na kivuli kwa umbali ambao mtu mwenye mzigo anaweza kuufikia kabla ya kuishiwa nguvu. Paa la majani, benchi la mti, mahali pa kuegemeza baiskeli bila kuilaza, na pipa lenye bomba na maji yaliyotiwa klorini. Mama anayeuza chikwange au ndizi kando ya njia anaweza kulitunza pipa hilo, kwa sababu wanaopumzika ndio wateja wake. Mashirika yanayowalipa vijana kwa kazi ya kufyeka njia yanaweza kuongeza kibanda hicho katika mkataba bila kubadilisha mengi. Na mwembe unaopandwa leo utatoa kivuli baada ya miaka michache bila kumdai mtu mshahara.

La pili ni elimu ya dakika kumi. Wahudumu wa afya wa vijiji, wale wanaoitwa reco, wanafundisha tayari kuhusu malaria na kuhara. Waongeze dalili za jua, na namna ya kumpoza aliyeanguka. Waongeze pia kinywaji ambacho kila mama wa watoto wadogo anakijua: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyopigwa usawa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Msukumaji anywe glasi moja kila dakika 15 au 20 akiwa kazini, asingoje kiu imkamate. Avae kofia pana na shati jepesi, na asitembee peke yake, maana anayepotewa na akili kwa joto hawezi kujitambua.

La tatu linawahusu wenye mamlaka. Magavana, waadministrata wa wilaya na machefu wanajua bariera ziko wapi, kwa sababu wapita njia wanaziona kila siku. Zile zinazosimamiwa na watu wa serikali zinaweza kupewa amri moja iliyo wazi: baiskeli yenye mzigo ipite bila kulipa na bila kusimamishwa juani. Pale ambapo jeshi au polisi wapo kweli, siku ya soko walinde njia toka saa kumi na moja asubuhi hadi saa tatu, ili watu wapate tena yale masaa ya baridi. Ulinzi huo ungeokoa mali na maisha kwa pamoja. Kwa makundi yenye silaha amri kama hiyo haina nguvu, na hilo lisifichwe. Lakini serikali isitumie ubaya wa wengine kama kisingizio cha kuacha bariera zake mwenyewe.

La nne linawahusu wafanyabiashara wa mji. Wengi wao ndio wanaotoa pesa ya kununulia mafuta, na ndio wanaopanga siku ya kufika. Mkubwa anayempunguzia malipo msukumaji aliyechelewa siku moja anamwambia, bila kulitamka, asipumzike. Wakubaliane mwisho wa uzito na mwanya wa siku za kuchelewa. Bidoni inayofika kesho na mtu mzima ina faida kuliko bidoni iliyobaki kichakani kando ya maiti.

Na wasukumaji wenyewe wana nguvu ambayo hawajaitumia yote. Wengi wanatembea kwa vikundi, wengine wana likelemba ya kununulia tairi na mpira wa ndani. Kikundi kinachoweza kuchanga pesa ya tairi kinaweza kuchanga pia ya pipa la maji, na kinaweza kumtuma mtu mmoja kusema mbele ya chefu kwa jina la wote. Mwenye kusimama peke yake kwenye bariera anaonekana kama mzigo wa kulipisha. Watu 30 wenye msemaji mmoja wanaonekana kama raia.

Mvua zitarudi, njia zitakuwa matope tena, na mazungumzo yatahamia kwenye madaraja yaliyobebwa na maji. Ndivyo inavyokuwa kila mwaka: jua linasahauliwa kabla halijajadiliwa. Kama pipa la kwanza halijawekwa kiangazi hiki kwenye njia moja tu, ya Kasongo au ya Lemera, basi kiangazi kijacho mtu atasukuma tena bidoni zake saa sita ya mchana, na sokoni watu wataendelea kubishana juu ya bei.